Uso Unaong'aa kama Kioo: Somo juu ya Mng'ao wa Ngozi na Maana Yake kwa Afya

Utangulizi

Sifa za uso mzuri hubadilika kadiri nyakati zinavyobadilika. Kizazi kilichopita kilipenda uso uliokaushwa kwa poda, na mng'ao juu ya pua au kwenye paji la uso ulihesabiwa kuwa dosari ya kufutwa kwa leso. Leo vijana wengi wanatamani kinyume chake: uso unaong'aa na kumeremeta kana kwamba umenyunyiziwa umande. Mtindo huu ulipata umaarufu Korea Kusini, ambako huitwa ngozi ya kioo, na tangu mwaka 2017 hivi umeenea duniani kwa njia ya picha za simu. Haukuacha kupanda hadi kwetu chini ya Mlima Meru. Mkazi wa Kimandolu, upande wa mashariki wa Jiji la Arusha, hahitaji kusafiri mbali ili aahidiwe uso wa namna hiyo kwa krimu, seramu au mafuta ya kuchanganywa.

Hata hivyo, kupenda ngozi inayong'aa si jambo geni katika nchi yetu. Wamaasai wamejipaka mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na udongo mwekundu tangu zama za mababu. Pwani na Zanzibar, bibi harusi husuguliwa singo ya maua na manukato ili ngozi yake ilainike. Mama anayempaka mwanawe mafuta kabla hajaenda shule anafanya hivyo ili mtoto asitoke nyumbani amepauka. Katika lugha yetu, kupauka ni dalili ya kutotunzwa, na kung'aa ni dalili ya siha.

Somo hili, basi, halikusudii kumkataza mtu kujipamba. Linakusudia kumwonyesha msomaji kwamba mng'ao wa uso unatokana na vyanzo vinne tofauti. Viwili kati ya hivyo havina madhara vikitumiwa kwa kiasi. Cha tatu huiharibu ngozi, na wakati mwingine mwili mzima. Cha nne ni dalili ya maradhi. Kwa macho ya haraka, vyote vinne vinaweza kufanana, na hapo ndipo hatari ilipo.

Kwa nini kitu hung'aa?

Chukua jiwe kutoka Mto Themi. Likiwa majini linaonekana jeusi, laini na lenye kumeremeta. Liweke juani kwa muda mfupi, nalo litapauka na kuwa la kijivu. Jiwe ni lile lile; kilichobadilika ni uso wake. Jiwe kavu lina vishimo na vinundu vidogo visivyohesabika, na kila kimoja huutawanya mwanga upande wake. Maji yanapojaza vishimo hivyo, uso wa jiwe huwa sawa, na mwanga huakisiwa kwa pamoja kuelekea upande mmoja. Mwakisiko huo wa pamoja ndio tunaouita mng'ao.

Ngozi hufuata kanuni hiyo hiyo. Katika mwanga wote unaoiangukia, takriban asilimia 4 hadi 7 huakisiwa na uso wake wa juu kabisa. Uliobaki huingia ndani. Ngozi ikiwa kavu, magamba yake madogo hunyanyuka kingo na kuutawanya mwanga huo, nayo huonekana na rangi ya majivu. Hali hiyo huonekana zaidi kwa mtu mweusi, kwa kuwa weupe wa magamba hupingana na weusi wa ngozi iliyo chini yake. Ngozi ikiwa laini na sawa, hung'aa. Kwa hiyo mng'ao unatueleza jambo moja tu, yaani kwamba uso wa ngozi uko sawa. Hautuelezi umesawazishwa kwa njia gani.

Ukuta wa ngozi

Tabaka la juu kabisa la ngozi linafanana na ukuta wa matofali. Matofali ni chembehai zilizokufa, zilizojaa protini ya keratini na kupangwa safu juu ya safu. Udongo wa kuyaunganisha ni mchanganyiko wa mafuta ya aina tatu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta huu ni mwembamba kuliko karatasi, lakini ndio unaozuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Chembehai mpya huzaliwa chini, hupanda polepole, na hatimaye huanguka kama vumbi lisiloonekana. Kwa kijana mwenye afya, safari hiyo huchukua takriban wiki nne.

Ili ukuta uwe laini, unahitaji maji. Kiasi cha maji katika tabaka hilo kikishuka chini ya asilimia 10, ngozi hukakamaa na kupasuka. Ngozi yenye afya pia ina uchachu kidogo, kiasi cha pH 4.5 hadi 5.5. Sabuni nyingi za mche zina pH ya 9 au 10. Zikitumiwa usoni mara kwa mara huondoa mafuta yanayounganisha matofali na kuvuruga uchachu huo. Uso unaobana baada ya kuoshwa haujawa safi zaidi. Ni ukuta uliopoteza udongo wake.

Mng'ao wa kwanza: maji

Mng'ao wa kwanza hutokana na tabaka la juu lililoshiba maji. Hupatikana kwa kupaka vitu vinavyovuta maji, kama vile glisirini. Glisirini ni ya bei nafuu, hupatikana katika maduka ya dawa, na imetumika kwa vizazi vingi. Ina sharti moja. Ikipakwa yenyewe bila kuchanganywa na maji katika hewa kavu, inaweza kuvuta maji kutoka ndani ya ngozi badala ya kuyavuta kutoka hewani, na ngozi ikazidi kukauka. Ndiyo sababu inafaa kuichanganya na maji, au kuipaka ngozi ingali na unyevu na kuifunika kwa mafuta.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Arusha. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi hushuka kutoka mlimani, na hewa yake hushika unyevu kidogo; mvua zikishakatika, vumbi la barabara huongezeka. Katika miezi hiyo hata ngozi njema hupauka, na hapo ndipo wengi huanza kutafuta dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao.

Mng'ao wa pili: mafuta

Mng'ao wa pili hutokana na mafuta yaliyo juu ya ngozi, ama ya asili yanayotolewa na vitezi vya uso, ama ya kupaka. Mafuta ya mgando ndiyo maarufu zaidi. Robert Chesebrough aliyapatia hataza huko Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Hayaongezi maji katika ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoke, na kazi hiyo huifanya vizuri sana. Kwa mtu mwenye ngozi kavu, hakuna krimu ya gharama kubwa inayoyashinda kwa mbali.

Mafuta nayo yana mipaka yake. Mwaka 1970 wataalamu wa ngozi nchini Marekani walieleza aina ya chunusi iliyowatokea watu weusi kwenye paji la uso na kandokando ya vipaji, mahali ambapo mafuta mazito ya nywele huteremkia. Mwenye chunusi anayejipaka mafuta mazito usoni ili ang'ae anaweza kuziba vinyweleo na kuongeza tatizo. Tena, nguo iliyolowa mafuta ya aina hii hushika moto upesi. Anayejipaka kwa wingi shingoni na kichwani, kisha akainama juu ya jiko akiwa na khanga ile ile, ana sababu ya kujihadhari.

Mng'ao wa tatu: ngozi iliyokondeshwa

Hapa tunafika kwenye kiini cha somo. Ziko krimu ambazo humfanya mtu ang'ae na kuwa laini ndani ya siku chache, na mara nyingi weupe huandamana na mng'ao huo. Nyingi za namna hiyo zina steroidi zenye nguvu, kama vile klobetasoli au betamethasoni. Steroidi ni dawa halali na yenye manufaa makubwa. Daktari huiagiza kwa ukurutu na magonjwa mengine, kwa kiasi kidogo na kwa muda maalumu. Ikipakwa kila siku kwenye uso usio na ugonjwa, hubana mishipa midogo ya damu, huzuia kuzaliwa kwa chembehai mpya, hupunguza kazi ya chembehai za rangi na kuzuia utengenezaji wa kolajeni inayoipa ngozi nguvu.

Matokeo yake ni ukuta uliopunguzwa safu. Uso uliokonda namna hii hung'aa kwa sababu umekuwa mwembamba na umepoteza mistari yake midogo ya asili, mithili ya karatasi ya nailoni. Anayeutazama kwenye picha hawezi kuutofautisha na uso ulioshiba maji. Lakini baada ya wiki au miezi huja deni lake: chunusi nyingi zinazofanana, mishipa myekundu inayoonekana, vinyweleo vya usoni, michirizi isiyofutika, na fangasi wanaoenea chini kwa chini kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Krimu hizo zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, zinaweza kuongeza shinikizo ndani ya jicho na kusababisha mtoto wa jicho. Zikipakwa mwili mzima, huingia katika damu na kuzifanya tezi zilizo juu ya figo ziache kutengeneza homoni yake ya asili.

Ubaya mwingine huonekana siku mtu anapoamua kuacha. Uso huwaka, huvimba na kuwa mwekundu, naye huirudia krimu ili apate nafuu. Hivyo ndivyo mtego unavyofunga. Aliyetumia krimu ya namna hiyo kwa miezi mingi asiache ghafla peke yake. Amwone daktari ampunguzie hatua kwa hatua.

Haidrokwinoni na zebaki

Viambato viwili vingine hupatikana katika mchanganyiko unaoitwa mkorogo. Cha kwanza ni haidrokwinoni. Ikitumiwa kwa muda mrefu, hasa palipo na jua kali, inaweza kuleta mabaka ya rangi ya samawati na weusi mashavuni, hali iliyoelezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1975. Mabaka hayo ni magumu sana kuyaondoa. Mtu huanza kwa kutafuta uso wenye nuru na kuishia na uso mweusi kuliko alioanza nao, huku vifundo vya vidole vikibaki na sugu.

Cha pili ni zebaki. Ushahidi wake katika Afrika Mashariki ni wa zamani na ulio wazi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaosababisha mwili kuvimba na protini kupotea katika mkojo. Zaidi ya nusu yao, asilimia 53, walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi na hukaa katika figo. Kwa mjamzito, inaweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Tena haimdhuru mpakaji peke yake, kwa kuwa hubaki kwenye taulo, mito na mikono, na wanaoishi naye huipata.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliwekwa ili kuidhibiti zebaki duniani; mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo mwaka 2025. Hapa Tanzania, haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Sheria ipo. Lakini kopo lisilo na lebo, lililochanganywa na mtu asiyejulikana, halipiti mbele ya mkaguzi yeyote. Mkaguzi wake wa mwisho ni mnunuzi.

Mng'ao wa nne: maradhi

Mng'ao wa nne haukutafutwa na mtu. Ngozi iliyovimba kwa maji hunyooka na kung'aa. Uso unaovimba asubuhi, hasa kandokando ya macho, unaweza kuwa ishara ya figo zisizofanya kazi vizuri. Ngozi inayobana, kuwa ngumu na kung'aa vidoleni na usoni inaweza kutokana na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi. Na ukoma, ambao haujaisha nchini mwetu, una aina moja inayoufanya uso na ndewe za masikio kuwa nene, laini na zenye kung'aa, huku nyusi zikipungua kuanzia pembeni. Ukoma unatibika kabisa, na dawa zake hutolewa bure. Mgonjwa akisifiwa na majirani kwa uso wake unaong'aa, anaweza kupoteza miezi ya thamani kabla mishipa yake ya fahamu haijaharibika.

Jua la Arusha

Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta. Nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Maana yake, chini ya anga safi, uso wa mkazi wa Kimandolu hupata miale hiyo kwa takriban asilimia 14 zaidi ya uso ulio pwani ya Tanga, hata kama mkazi huyo amevaa sweta kwa baridi. Ubaridi wa hewa hautupi habari yoyote kuhusu ukali wa miale.

Melanini hutukinga kwa kiasi kikubwa, lakini si kabisa. Ngozi iliyokondeshwa kwa steroidi au kuchubuliwa kwa asidi imepoteza sehemu ya ulinzi wake, na jeraha lolote dogo juu yake huacha doa jeusi. Kwa watu wenye ualbino, suala hili ni la uhai: kwao kinga dhidi ya jua ni kinga dhidi ya saratani. Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC mjini Moshi kimekuwa kikitengeneza losheni ya kukinga jua kwa ajili yao.

Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa Kimandolu amebakiwa na wiki sita kabla ya sherehe ya kuagwa kwao. Ngozi yake imepauka kwa baridi ya Julai na ana chunusi chache. Anazo njia mbili. Rafiki anamletea kopo lisilo na jina na kumwahidi mng'ao ndani ya siku saba. Muuguzi anamshauri aache sabuni kali, ajipake mafuta mepesi kila baada ya kuoga, na ajikinge na jua.

Njia ya kwanza ikiwa ni steroidi, siku ya saba atang'aa kweli. Lakini wiki ya nne hadi ya sita ndiyo kipindi ambacho chunusi za steroidi zinaweza kuanza kumiminika, yaani zikaja pamoja na wageni. Njia ya pili haimwonyeshi mengi siku ya saba. Hata hivyo, kwa kuwa ngozi hujijenga upya katika wiki nne hivi, ifikapo wiki ya sita atakuwa amevaa tabaka jipya lililokua chini ya matunzo mema. Subira haikumpunguzia kitu. Muda aliokuwa nao ulitosha tangu mwanzo. Lililokuwa likimsukuma ni hofu, na hofu hiyo ndiyo inayouza makopo.

Njia iliyo salama

Kwanza, osha uso mara mbili kwa siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, na usisugue kwa nguvu.

Pili, jipake ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu. Mwenye ngozi kavu atumie glisirini iliyochanganywa na maji, kisha mafuta ya mgando kidogo juu yake. Mwenye chunusi atumie losheni nyepesi.

Tatu, jikinge na jua kwa kofia, mwavuli, na losheni yenye kinga ya 30 au zaidi kwa anayeweza kuipata.

Nne, jaribu kipodozi kipya sehemu ya ndani ya mkono, asubuhi na jioni kwa siku saba, kabla ya kukipaka usoni. Mjamzito asitumie krimu zenye vitamini A ya kuchubua bila ushauri wa daktari.

Tano, kataa kopo lisiloonyesha viambato, mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kataa pia krimu inayomwonya mtumiaji asiiguse na dhahabu au fedha. Onyo hilo ni dalili ya zebaki, kwa kuwa zebaki hushikana na madini hayo. Majina kama kalomeli au kloridi ya zebaki yana maana hiyo hiyo.

Sita, nenda kituo cha afya ukiona uso unawaka au kuvimba, mkojo una povu jingi, mikono inatetemeka, au kuna baka lisilohisi mguso. Chukua kopo ulilokuwa ukitumia. Hakuna mhudumu wa afya anayepaswa kukulaumu. Kopo hilo linaweza kumsaidia kuliko maelezo marefu.

Hitimisho

Mwanga unaoakisiwa na uso wako hauulizi ulikotoka usawa wa ngozi. Swali hilo ni lako kuliuliza. Mng'ao wa kweli huendelea kuwepo hata mtu akikosa krimu yake kwa wiki nzima. Ule unaotoweka na kuacha moto nyuma yake haukuwa mng'ao wa ngozi, bali wa jeraha.

Maswali ya kujadiliana darasani au katika kikundi

1. Eleza kwa nini jiwe kavu hupauka na jiwe lililolowa hung'aa. Kanuni hiyo inahusianaje na ngozi yako?

2. Krimu imekufanya ung'ae na kuwa laini kwa siku tano. Ni mambo gani matatu utakayoyachunguza kabla ya kuendelea nayo?

3. Kwa nini zebaki iliyo katika krimu ya mama ni hatari kwa mtoto asiyeipaka?

4. Jirani yako amesifiwa kwa uso unaong'aa, lakini nyusi zake zinapungua na ndewe zake zimenenepa. Utamshauri nini, na kwa maneno gani yasiyomwaibisha?